Bata Bukini wa Mama Mukwe

Jumanne, 3 Septemba 2024. Kapata, Kolwezi.

Mama mukwe amefika. Bila taarifa! Ameshuka kwenye lori la Sandoa na vumbi jekundu mpaka kwenye kope, gunia la unga wa muhogo kichwani, na sura ya mtu aliyekuja kuchukua kitu chake. Kitu chenyewe ni mimi.

Wivine, mke wangu, amenieleza jikoni kwa sauti ya chini. Tangu baba mukwe afariki, Mama Brigitte amebaki peke yake na shamba kubwa la mihogo. Wanawe wa kiume walivuka kwenda Angola na hawajulikani watarudi lini. Mimi nami, Sadrack Mbuyu, mtunza ghala mwenye cheti, niko nyumbani tangu kampuni yangu ifunge lango. Kwa hiyo jambo ni jepesi, anasema Wivine. Huku shamba halina mwanamume, huku mwanamume hana shamba. Nikifika Noeli bila kazi, twende Sandoa.

Sandoa! Jembe! Mimi ambaye sijawahi kushika kitu kizito kuliko kalamu!

Nikamjibu kwa utulivu kwamba kazi ninayo tayari, ila haijaanguliwa.

Ni kweli. Nyuma ya banda la mbuzi, chini ya bata wa Wivine, yapo mayai sita ya bata bukini. Si bata hawa wa kawaida wanaotembea kama wamesahau kitu nyumbani. Bata bukini! Shingo ndefu, sauti ya tarumbeta, moyo wa askari. Niliyapata kwa Kanku, anayefanya biashara kwenye treni ya Dilolo. Ameniapia kwamba ng'ambo ya mpaka bata mmoja wa aina hiyo analinda nyumba kuliko mbwa watatu. Na hapa Kolwezi kila mwenye depo ya madini analia wezi. Nitaunda kampuni: Mbuyu Sécurité. Walinzi wasiolala, wasiokunywa pombe, wasiogoma. Chakula chao ni majani!

Wivine akauliza mkurugenzi atakuwa nani. Nikasema mimi. Akarudi kwenye cherehani yake.

Kuna tatizo moja dogo: bukwe. Kwetu hutazamani na mama mukwe usoni, humpi mkono, huli naye, husemi naye moja kwa moja. Nyumba hizi za kampuni ya zamani zina vyumba viwili na ukumbi mwembamba kama utumbo. Leo kila nilipopita nilikutana naye, na kila mara niligeuka kutazama ukuta. Ukuta huo sasa naujua vizuri. Una ufa unaofanana na mto Lualaba.

Alhamisi, 5 Septemba.

Wamezaliwa! Watano. Yai la sita halikuwa na kitu ila harufu.

Wazuri ajabu. Manyoya ya njano iliyochanganyika na kijani, mdomo mpana, miguu mikubwa kama viatu vya kuazima. Bata wa Wivine amewatazama kama mtu aliyefungua mlango akakuta wageni wa jirani. Lakini amewafunika.

Nimewapa vyeo papo hapo. Kapiteni, Luteni, Sajenti, Koplo. Wa mwisho, mdogo, nimemwita Stajeri, kwa sababu bado yuko kwenye majaribio.

Jirani yangu Kalumba akaegemea ukuta wa lupango, yaani ua wetu, kama kawaida yake, akauliza vifaranga vyangu vinaumwa nini. Huyu Kalumba ana mbwa mnene anayeitwa Generali. Usiku mbwa huyo analinda depo ya Patron Jeancy, mnunuzi wa madini. Mchana analala na kukoroma. Kalumba anatembea Kapata nzima kama vile yeye ndiye mbwa. Nilipomwambia kwamba hawa ni bata bukini, na kwamba Generali atafute kazi nyingine, alicheka mpaka akakohoa. Akasema Generali atawatafuna na pilipili.

Tutaona!

Ijumaa, 6 Septemba.

Nidhamu huanza mapema. Bata ni ndege wa maji, hata mtoto wa chekechea anajua. Basi asubuhi nikawatoa chini ya bata, nikawatia kwenye beseni la kufulia, maji ya bomba, baridi bado. Nilitaka Kalumba aone.

Wakaogelea! Wote, kwa mstari! Kalumba mwenyewe alipiga makofi. Nikainama kidogo kupokea heshima.

Nilipoinuka Sajenti alikuwa ameegemea upande. Koplo amefumba macho. Yale manyoya laini yalikuwa yameloa mpaka kwenye ngozi, wamekuwa wadogo kama vidole. Nikawatoa, nikawalaza kwenye bati. Wakatetemeka. Kisha wakaacha kutetemeka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Nikampelekea bata wa Wivine. Akawanusa, akaenda zake. Nikakimbia kuzunguka lupango. Sijui kwa nini. Miguu iliona ni vyema.

Wivine alikuwa amekwenda kupeleka nguo ya mteja. Kalumba alikuwa ameacha kupiga makofi.

Ndipo mama mukwe akainuka kwenye kigoda. Hakunisemesha, bila shaka. Akaketi karibu na mbabula, jiko letu lililokuwa na makaa ya moto, akawachukua mmoja mmoja, akawafuta kwa kilemba chake, kisha akawasukuma ndani ya blauzi. Wote watano! Akajifunga kitenge juu yake, akakunja mikono kifuani, akakaa. Hakula mchana. Hakuondoka.

Baada ya muda mrefu akazungumza na mbuzi.

"Weye mbuzi, ambia tata mwenye lupango: katoto ka bata hakana mafuta ku manyoya. Mafuta inatoka kwa mama yake. Kama hakana mama, maji inaingia mpaka ku roho."

Mbuzi aliendelea kutafuna. Tata, yaani baba mwenye nyumba, ni mimi.

Jua lilipoanza kushuka, blauzi ikasema: pii. Mara moja, dhaifu. Kisha pii nyingine. Kisha kwaya nzima! Nilifurahi hata nikageuka kumshukuru usoni, nikakumbuka, nikaushukuru ukuta.

Sasa jambo linalonisumbua. Kampuni yangu yote iko kifuani mwa mama mukwe. Nani atakwenda kuichukua? Si mimi!

Jumapili, 8 Septemba.

Wameamua. Mama yao ni yeye. Akisimama, wanasimama. Akiketi, wanapanda kwenye mapaja. Akienda chooni, wanajipanga nje ya mlango na kulia kama watu waliofiwa mpaka atoke, kisha wanamsalimia kana kwamba amerudi kutoka Ulaya.

Leo alikwenda misa. Wivine aliwafungia jikoni. Wakapata upenyo chini ya mlango, wakatembea barabara nzima nyuma yao, wakaingia kanisani wakati wa sadaka. Padri alisema hawa nao wamefika na familia yao yote. Je, wanaume wa Kapata wako wapi? Watu wakageuka kunitafuta. Mimi nilikuwa nyumbani nikichora nembo ya kampuni. Habari hii nimeipata kwa Kalumba, juu ya ukuta, akiwa na furaha kubwa mno kwa siku ya Mungu.

Nikamweleza Wivine kwamba askari lazima wamfuate kamanda. Wivine akasema askari wanamjua aliyewaokoa, na aliyewazamisha wanamjua pia.

Jumatano, 18 Septemba.

Juhudi za kuwavuta mioyo. Nimewapa bukari, yaani ugali: wameikanyaga. Nimewapa mkate: wameupokea kwa adabu, kisha wamekwenda kuulia miguuni pa mama mukwe. Nimewakatia majani mabichi kando ya reli, gunia zima. Wamekula yote. Hawakuniangalia hata kidogo.

Wanakula kutwa! Na kinachoingia kinatoka. Kijani, kila mahali, hata kwenye kiatu changu cha kuombea kazi. Wamemaliza tuta la mboga za lengalenga la Wivine. Kuku hawana tena maji ya kunywa, kwa sababu hawa wanaoga kwenye bakuli la kuku, kisha wanalala ndani yake. Luteni amegundua ndevu za mbuzi. Anazivuta. Mbuzi, ambaye hajawahi kumwogopa mtu hata mimi, sasa anaishi juu ya kibanda cha sungura, na sungura hawalali.

Siku hizi lupango una wakubwa wake: mama mukwe, bata bukini, kuku, bata wa Wivine, sungura, mbuzi juu ya sungura. Kisha mimi.

Jioni mama mukwe anawaimbia kwa Kilunda, polepole, wakiwa wamelala kwenye kitenge chake. Wivine alisimamisha cherehani kusikiliza. Akaniambia kwamba tangu baba yake azikwe mama yake hakuwahi kuimba. Nikauliza kama nyimbo haziwezi kuwalegeza askari. Wivine alinitazama muda mrefu sana.

Jumapili, 29 Septemba.

Siku mbaya. Lakini wazo lilikuwa zuri! Hilo naliandika kabla ya yote.

Nimefikiri kisayansi. Bata hajui mtu, bata anajua nguo. Mama ni kitenge, kilemba, ndala, na harufu ya mafuta ya mawese. Mwenye hivyo vinne ndiye mama. Basi mama mukwe na Wivine walipokwenda misa na kufunga lango, nikashusha kwenye kamba kile kitenge chake cha Wamama Wakatoliki, chenye sura ya Bikira Maria. Nikajifunga. Nikajifunga kilemba. Nikavaa ndala, kisigino nje. Nikajipaka mawese shingoni. Nikatoka uani nikiimba. Kilunda sikijui, kwa hiyo niliimba majina ya vyombo vya ghala kwa sauti nyembamba.

Kapiteni akanitazama kwa jicho moja. Kisha kwa la pili. Akaja, akanusa pindo, akarudi kuwaarifu wenzake. Wote watano wakaketi. Wamenipa mgongo!

Aliyeamini ni mbuzi peke yake. Alishuka kwenye kibanda cha sungura, akaja nyuma yangu kwa mapenzi, na akaanza chini. Wimbo wangu ulikuwa umefika kwenye koleo na misumari ya inchi nne niliposikia upepo magotini. Nikageuka. Bikira Maria alikuwa ameliwa miguu yote.

Nikavuta. Mbuzi akavuta. Kitenge kikalia rrraa! Nikakimbia kuelekea lango, mbuzi nyuma yangu na kipande mdomoni, na lango likafunguka.

Mama mukwe. Wivine. Wamama wawili wa parokia, waliokuja kunywa chai.

Kalumba alikuwa ukutani, bila shaka. Alikuwa ameleta kiti cha kusimamia.

"Mama Brigitte!" akaita. "Kumbe uko na dada! Mbona ulimuficha?"

Wamama wa parokia wakaziba macho, vidole vikiwa wazi. Mama mukwe hakupiga kelele. Alikiangalia kitenge tu, akakivua begani kwangu kwa kutumia fimbo, asiniguse, akaingia ndani. Bata wakamfuata kwa mstari, na Stajeri aliponipita alinidona kwenye kifundo cha mguu.

Kile kitenge, Wivine aliniambia baadaye, ndicho cha mwisho alichonunuliwa na baba mukwe, kwa ajili ya hija. Aliniambia bila hasira. Ningependa awe na hasira.

Jumatatu, 30 Septemba.

Wale wamama wawili wamerudi na hukumu. Kuvaa nguo ya mama mukwe ni jambo ambalo hata jina halina. Dawa yake ni kuku mweupe na kupiga magoti. Kuku mweupe tunaye mmoja, yule anayetaga kila siku. Akatolewa. Nikapiga magoti ukumbini, uso kwenye ule ufa wa Lualaba, nikasema maneno ya kuomba radhi. Nilikuwa nimetayarisha mengi. Yalitoka machache.

Kisha mama mukwe akazungumza na bata.

"Batoto, ambieni tata Sadrack: kuku nimepokea. Kitenge, tuache. Mutu mwenye alikinunua njo alikuwa wa maana, haiko kitenge."

Sauti yake ilikuwa imechoka. Akaongeza:

"Ila mbuzi anamupita akili."

Wivine akacheka kwa nguvu, wa kwanza. Wamama wa parokia wakafuata. Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti na sikujua kama kucheka ni halali.

Wivine ameshona kiraka cha bluu pale palipoliwa. Bikira sasa amesimama ndani ya maji mpaka magotini. Mama mukwe anasema anapendeza hivyo, anaonekana kama amekuja kuchota.

Nimelifikiria kosa langu kwa makini. Nilipaswa kumfunga mbuzi kwanza.

Alhamisi, 14 Novemba.

Mvua kila siku. Kapata ni tope jekundu. Na bata wangu wamekuwa watu wazima! Jana walisema pii. Leo alfajiri wamefungua midomo na ikatoka tarumbeta. Nilianguka kutoka kitandani. Aliyekuja kusoma mita ya maji amekimbia akaacha kiatu kimoja. Kiatu kizuri, hakinitoshi.

Na habari kubwa. Generali aliruka ukuta kuja kunusa bakuli. Stajeri, mdogo kuliko wote, alimkimbiza mara mbili kuzunguka cherehani. Tangu hapo Generali analala chini ya kitanda cha Kalumba. Kalumba anasema mbwa ana malaria.

Nikaona saa imefika. Nikavaa shati, nikaenda kwa Patron Jeancy. Nikamkuta depo, juu ya kiti cha ofisi kilichowekwa nje, miwani myeusi ingawa hakukuwa na jua. Wezi wamemwibia tena magunia kupitia ukutani, huku Generali akitafuna vichwa vya samaki alivyorushiwa. Nikamweleza kuhusu bata. Alicheka mpaka miwani ikateleza, lakini akasema niwalete siku ya posho, mwisho wa mwezi. Wakimpigia kelele mwizi, wana kazi.

Wana kazi! Maana yake, nina kazi!

Wivine ameuliza kama mama amekubali. Nikamjibu kwamba mama hayumo kwenye muundo wa kampuni.

Jumamosi, 30 Novemba.

Naandika nikiwa nimesimama.

Asubuhi mama mukwe alikwenda foleni ya bomba. Haraka nikawatia bata kwenye magunia, vichwa nje, nikawafunga nyuma ya pikipiki ya kukodi, mimi juu yao kidogo. Njia nzima walitazama nyuma, shingo tano zimeelekea Kapata. Hawakutoa sauti. Nikasema: nidhamu!

Depo ina ukuta mrefu wenye vipande vya chupa juu. Patron alikuwa ameketi, walinzi wake nyuma, na Kalumba yupo, na Generali yupo, wameitwa ili kulinganisha. Nikawafungulia bata. Wakatembea huku na huko. Wakala maua ya Patron, yale mekundu kwanza. Kisha wakaketi kivulini, wakaficha midomo chini ya mabawa, wakalala.

Patron akasema mwizi aje. Hapakuwa na mwizi. Nikajitolea. Nikatoka nje, nikavaa gunia kichwani, nikapanda ukuta pale penye chupa chache, nikatokeza juu.

Generali akabweka! Mara moja tu, lakini akabweka, na Kalumba akafuta machozi.

Kapiteni alifungua jicho moja. Akalifunga.

"Mimi ni mwizi!" nikapaza sauti. "Naiba! Naiba yote!"

Koplo alikoroma. Patron akatazama saa yake. Nikabaki nimekaa juu ya ukuta na gunia kichwani, nikiwaza Sandoa.

Ndipo pikipiki mbili zikasimama langoni. Mama mukwe, ameketi upande, ndoo bado mkononi. Nyuma yake Wivine. Mama mukwe alikuwa ametoka bombani akakuta lupango una kuku tu, na Wivine alijua pa kunitafuta.

"Batoto bangu beko wapi?" akauliza.

Hakuuliza kwa nguvu. Lakini bata watano wakasimama kama wamepigwa umeme. Mabawa wazi! Tarumbeta! Nimeishi karibu na migodi maisha yangu yote na sijasikia kelele kama ile. Wakamkimbilia. Na Generali, mbwa asiye na akili, akaenda kumnusa mama mukwe mguu.

Kapiteni akachukua sikio. Luteni akachukua mkia. Sajenti na Koplo wakagawana kilichobaki katikati. Stajeri alikosa nafasi kwa mbwa, akamchukua Kalumba mwenyewe, pale mtu anapokalia. Walinzi wakapanda juu ya magunia. Mzee mmoja aliyekuwa akipita nje na baiskeli yake akaitupa, akakimbia, na hakuna aliyemfanya kitu. Watu wakaja kutoka barabara zote.

"Mnaona!" nikalia kwa furaha. "Mnaona! Ndio hao! Mbuyu Sécurité!"

Nikaruka kushuka kwenda kupokea pongezi. Mimi nikashuka. Suruali ikabaki na chupa.

Nilitua mbele ya mama mukwe, na kilichokuwa kimebaki mwilini hakikuwa kingi. Bata wakaona mtu wa ajabu, gunia kichwani, miguu mitupu, anamrukia mama yao. Wakamwacha mbwa. Wakafanya kazi yao. Waliifanya vizuri sana, hilo nalisema kama mkurugenzi.

Mama mukwe akageuka akatazama ukuta. Leo ilikuwa zamu yake.

Jumapili, 1 Desemba.

Bado nimesimama.

Patron Jeancy amekuja nyumbani baada ya misa, na kreti ya fanta! Nilikuwa nimenyoosha shati. Nilikuwa nimechana nywele. Akanipa mkono, akanipita, akaketi mbele ya Mama Brigitte.

Akasema anawataka bata. Lakini amewaona bila mama: ni mito ya kulalia. Kwa hiyo anamtaka mama pia. Kuna nyumba ndogo ndani ya depo, imara, ina jiko. Kazi yake ni kukaa, kupika vyake, kuimba kama anapenda. Atakayeruka ukuta, batoto watammaliza wenyewe.

Mama mukwe akauliza, kupitia kwa Wivine, kama kuna majani. Patron akasema yatapandwa. Maji ya kuoga? Atachimba kidimbwi. Misa? Kila siku ya Mungu. Na yule mbwa maskini, akauliza Patron? Abaki, akasema mama mukwe, ila akae mbali, na mwenye mbwa awe anafungua lango. Kwa hiyo Kalumba ana kazi! Kalumba, msaidizi wa mama mukwe wangu!

Nikakohoa. Nikakumbusha kwamba kuna suala la mkurugenzi. Patron akavua miwani ili anitazame vizuri. Ana macho madogo. Akairudisha.

Kisha mama mukwe akamwinamia Stajeri, aliyekuwa amelala mapajani pake.

"Stajeri, ambia mukwe wangu: kazi mi nimepata. Sasa shamba iko bila mutu. Muhogo hauozi ndani ya udongo, ila haujichimbi."

Nikamtazama Wivine. Wivine alikuwa tayari ameshika begi langu. Akasema ana nguo za harusi za kushona. Atanifuata Pasaka kuona nimefika wapi. Hakuwa na hasira. Alikuwa akikunja suruali yangu ile, au nusu yake, ghafla akaanza kucheka, ikabidi aketi kitandani. Nami nikacheka. Sikukusudia. Tulicheka mpaka bata wakaitika nje.

Jioni mama mukwe akaja mpaka mlangoni. Jembe mkononi, mpini wake mweusi, umelika pale baba mukwe aliposhikia. Sijui lilifikaje Kolwezi. Nadhani lilikuwa ndani ya lile gunia la unga tangu siku ya kwanza. Hakumpa Wivine anipe. Hakumwambia mbuzi. Alinyoosha mkono wake mwenyewe, akaniwekea mkononi.

"Shika muzuri," akasema. Kwangu! Moja kwa moja!

Nikashika vizuri. Nikautazama ukuta, lakini haukunisaidia.

Jumanne, 17 Desemba. Sandoa.

Nilifika juu ya lori la chumvi, baada ya kulisukuma zaidi ya kulipanda. Shamba ni kubwa. Kubwa vibaya. Mihogo mpaka mtoni.

Nimechimba. Kwa kweli nimechimba, kwa ajili ya lile jembe. Viganja vyote vimetoka malengelenge. Jirani mmoja, Tata Gael, hupita na kusema pole, kisha anasimama kidogo kuangalia, kama watu wanavyoangalia ajali.

Lakini leo asubuhi, Mungu ni mwema! Nguruwe wa huyo Tata Gael walitoroka usiku wakaingia kwenye kona ya shamba. Nimewakuta kazini. Pua ndani, udongo juu, mhogo nje! Mstari ambao ungenichukua wiki nzima umelimwa safi, laini kama uji. Bila jembe, bila malengelenge. Nilisimama pale mdomo wazi. Miaka yote hii watu wa Sandoa wanavunjika migongo, na hakuna aliyewaza!

Mpango uko wazi. Nguruwe anatangulia, mimi nafuata na kikapu. Ni kweli mihogo ya ile kona imeliwa yote, hata maganda. Lakini hilo ni kwa sababu walikuwa peke yao. Nguruwe ni mnyama mwenye akili, anachokosa ni msimamizi tu.

Nikamwomba Tata Gael aniazime wanne. Hakusita! Amesema nichukue wote, kumi na mmoja, niwe nao mpaka Pasaka nikipenda, akaondoka haraka kabla sijamshukuru. Watu wa hapa ni wakarimu mno.

Nimeng'oa uzio upande wote wa mto, wasipate shida kuingia. Alfajiri tunaanza. Na nimempigia simu Wivine kumwambia akija asisahau magunia matupu, mengi, kwa sababu yaliyopo hapa hayatatosha.